Mumeo hakunyang'anyi kazi, anataka uendelee kupumua

*Shangazi, mimi ni nesi wa wodi ya wazazi hapa Morogoro, mama wa watoto wawili. Mwaka jana Muhimbili waligundua nina miasthenia gravis, maradhi ya misuli kuchoka upesi. Tangu usiku mmoja nilipopaliwa kidogo na uji, mume wangu ananikataza zamu za usiku. Amemleta na mama yake, ambaye ananihesabia vidonge na hapakui chakula mpaka nusu saa ipite baada ya dawa. Kazini sijamwambia hata matroni. Unesi ndio unaonipa sababu ya kuamka. Nifanyeje wasininyang'anye?*

Binti yangu, pole. Ni maradhi adimu, wengi hawayajui. Jioni kope zikishuka watu wanadhani umelewa, asubuhi ukiwa na nguvu wanasema ulikuwa unajifanya. Hilo linauma.

Lakini "nilipaliwa kidogo" umeipitisha haraka mno. Wewe ni nesi. Misuli ya kumeza ikianza kuchoka, ya kupumua nayo inaweza kufuata, na unalijua hilo kuliko mimi. Mumeo ndiye aliyekuwa nawe usiku huo. Mwanaume aliyemwona mkewe akitafuta pumzi, ulitegemea akusindikize zamu ya usiku? Mimi niko upande wake.

Na mama mkwe niko upande wake pia. Dawa yako hufanya kazi kwa saa chache tu, na ukiimeza mapema kabla ya kula, unatafuna na kumeza kwa urahisi. Mama huyo ameacha kwake, amejifunza saa za dawa yako, na chakula anakichelewesha ili usipaliwe tena. Wewe umemsoma kama mwizi wa jiko.

Ndoa za siku hizi zimeingiliwa na kitu. Mke akiulizwa umelala saa ngapi, anawaambia mashoga zake kwamba mume anamtawala. Mume akiambiwa apunguze pombe, anasema mke amemkalia kichwani. Kila mtu anataka mwenza wa kupiga naye picha, hamtaki wa kumwambia hapana. Kisha maradhi yakiingia ndani, huyo wa kusema hapana ndiye anayekesha.

Lililonitia hofu zaidi ni la matroni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe unayaficha mahali pabaya kuliko pote. Wodi ya wazazi ndiko kwenye magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba, na gentamaisini, sindano ya kuua bakteria, haikosekani. Dawa hizo zinawaokoa wengine, kwako zinaweza kulegeza misuli hata pumzi ikakata. Siku ukianguka na homa, mwenzako asiyejua anaweza kukuchoma hiyo gentamaisini kwa nia njema kabisa.

Sasa hiyo sababu ya kuamka. Siidharau hata kidogo. Ila nani kakwambia unesi ni zamu ya usiku tu? Mwaka 1934, Greenwich, London, daktari mmoja mwanamke, Mary Walker, alimdunga mgonjwa wa maradhi haya haya fisostigmini, dawa iliyojulikana kupinga kurare, sumu inayolegeza misuli. Kope zilizoshuka zikainuka. Hakuwa profesa, alifanya kazi katika hospitali ya maskini na alimtazama vizuri mgonjwa wake. Vidonge vyako vya leo ni vya ukoo wa dawa hiyo.

Wewe una zaidi ya macho, una mwili unaoyajua maradhi haya. Kliniki ya mama na mtoto ni ya asubuhi, wakati nguvu zako ziko juu. Siku moja ataingia mjamzito ambaye jioni anaona vitu viwili viwili na kope hazisimami, na nyumbani wameshamwambia amerogwa. Au mama mwenye maradhi yako atajifungua mtoto mlegevu asiyeweza kunyonya vizuri, na hali hiyo hupita kwa wiki chache akiangaliwa. Nani atawatambua upesi kama si wewe?

Basi mpelekee matroni barua ya daktari bingwa, uombe kuhamishiwa kliniki. Andika orodha ya dawa za hatari kwako: moja ikae kwenye mkoba, moja kazini, moja kwa mumeo. Mama mkwe mwambie asante, mumeo akisikia.

Ila kabla ya yote hayo, rudi kwa daktari umweleze kuhusu uji ule. Usisubiri tarehe ya miadi.