Maswali na majibu: Kamera ielekee kwenye taka, si kwenye sura

Mwezi huu barua zimenijia nyingi, na karibu zote zinazunguka jambo lile lile. Mtu ameona ubaya, ametoa simu, amepiga picha, na sasa ama anatafutwa yeye ama anamtafuta mwenziwe. Nimechagua chache. Walionitumia picha za watu wakiuliza "huyu afanywe nini", nimezifuta zote. Msinitumie tena.

Shikamoo bibi. Huku Makorora, Tanga, kuna mama hutupa taka usiku kwenye mfereji wa maji ya mvua. Kijana wetu mmoja alimpiga picha akiwa na ndoo, mtoto mgongoni, tukairusha kwenye grupu la mtaa pamoja na jina lake. Picha imefika mpaka Dar es Salaam na mama anasema anakwenda polisi. Mimi ndiye admini. Nina kosa?

Marahaba mwanangu. Kosa la yule mama lipo, silifichi. Taka kwenye mfereji ndiyo mafuriko ya masika, ndiyo mbu, ndiyo kipindupindu. Lakini kosa lake lina njia yake: mtendaji wa mtaa, afisa afya wa kata, halmashauri ya jiji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imewapa serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, na sheria ndogo zina faini. Hakuna hata moja inayosema adhabu ya kutupa taka ni uso wako kuzungushwa nchi nzima.

Ninyi mmefanya nini? Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na ya mama huyu imo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za mtoto katika kundi la taarifa nyeti, na mtoto yule wa mgongoni hakubeba ndoo. Tena ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, juu ya kumnyanyasa mtu kwa ujumbe wa kielektroniki. Faini yake haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3. Ukiwa admini, umeona, umeombwa ufute na umeiacha, umejiweka pabaya. Na kila aliyeipeleka mbele ametuma kwa mkono wake mwenyewe, asije akasema "mimi nilipokea tu".

Sasa nikuulize. Katika watu wote wa grupu hilo, nani aliyepiga picha ya kizimba cha taka? Nani aliyeandika tarehe ambazo gari la taka halikupita? Mtu hatoki na ndoo usiku wa manane na mtoto mgongoni kwa kupenda matembezi. Nilikaa miaka mingi kwenye masijala ya mahakama, nikawa naona majalada ya watu wadogo yakipita mbele yangu: mama ntilie, mchuuzi wa madafu, msukuma mkokoteni. La anayemwaga uchafu kwa lori halikuwa likija mara kwa mara, maana hakuna aliyempiga picha.

Futa picha leo. Waombe wenzako wafute, kwa maandishi. Nendeni kwa mama huyo pamoja na mjumbe, mmwombe radhi kwa picha na mzungumze naye habari ya taka, yote mawili. Kisha pigeni picha ya mfereji na ya kizimba kilichojaa, bila mtu ndani, mwandike barua kwa mtendaji na mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Hivi Tanzania kuna sheria ya faragha?

Ipo, nimeitaja hapo juu na nimeitaja mara nyingi kabla ya leo. Ni ya mwaka 2022, ipo kwa Kiswahili, na inayo Tume yake ya kupokea malalamiko. Isomeni kabla ya kuuliza.

Mama, kaka yangu alikopa kwenye programu ya simu shilingi elfu themanini. Alipochelewa, wakanitumia mimi, shemeji yangu na bosi wake picha yake imeandikwa "mwizi". Wamepata wapi namba zetu?

Alizitoa yeye, bila kujua uzito wake. Programu ilipouliza "ruhusu kusoma majina kwenye simu", akabonyeza ruhusu, na kitabu chake chote cha namba kikaondoka. Wewe hukukopa na hukuridhia chochote, lakini namba yako iko kwao.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Tazama kama hiyo imo. Iwe imo au haimo, kumtangaza mdaiwa kwa ndugu na kazini si njia halali ya kudai. Hifadhini skrinshoti zote zikiwa na namba na saa, mpeleke lalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na polisi. Deni halali linabaki deni, alilipe. Fedheha hakuikopa.

Na wewe uliyeuliza swali la kwanza, lisome hili tena. Mkopeshaji huyu na grupu lako mmetumia silaha moja.

Nimepokea ujumbe "ile hela tuma kwenye namba hii".

Usitume. Upeleke ujumbe huo kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Kisha bonyeza *106# uone kama kuna laini usizozijua zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Jibu hili halitabadilika mwezi ujao.

Shikamoo. Nilimpelekea fundi mmoja mjini simu abadilishe kioo, akaomba paswedi nikampa. Sasa naambiwa picha zangu za nyumbani zimeonekana kwa watu. Simu nyingine ya zamani nataka kumuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu. Nifanyeje?

Pole sana mwanangu. Kioo hakihitaji paswedi. Akitaka kujaribu kama kinashika, aguse namba za simu ya dharura mbele yako, inatosha. Ukipeleka simu kwa fundi, toa laini, toa memori kadi, na kama unaweza kaa pale pale kwenye kigoda mpaka amalize. Mafundi wengi ni watu waaminifu wanaokula jasho lao, lakini mlango wa chumbani humwachi wazi kwa sababu jirani ni mwema. Kwa hizo picha zilizotoka, nenda polisi na ushahidi ulionao. Usiende kupigana dukani.

Hiyo ya zamani usiiuze ilivyo. Kufuta picha moja moja hakuziondoi. Kunaondoa njia ya kuzifikia tu, na mjuzi huzirudisha. Toka kwanza kwenye akaunti zako, kisha irudishe simu kwenye hali ya kiwandani. Simu za miaka ya karibuni huhifadhi mambo kwa kuyafunga kwa ufunguo, na ukizirudisha kiwandani ufunguo ule hupotea, hivyo kinachobaki hakisomeki. Memori kadi mara nyingi haina kinga hiyo, kwa hiyo itoe ukae nayo.

Hujaniuliza habari ya moshi, lakini nitakueleza. Nyaya zinazochomwa ili kupata shaba zimevikwa plastiki yenye klorini, na ikiungua kwenye moto wa wazi hutoa dioksini, sumu inayokaa mwilini miaka. Vibao vya simu na redio za zamani vina madini ya risasi kwenye lehemu. Betri ya simu ikitobolewa au kutupwa motoni inaweza kuwaka au kulipuka. Wanaosimama mbele ya moto huo ni vijana wa umri wa wajukuu wangu, na mwenye mzigo wa tani hayupo pale. Tangu 2021 tunazo kanuni za taka za kielektroniki, na wakusanyaji wanatakiwa wawe na kibali. Muulize mnunuzi kibali chake. Hana? Usimpe. Betri iliyovimba usiitoboe wala usiitie jalalani. Iweke peke yake kwenye chombo cha bati chenye mchanga, mbali na jiko, mpaka umpate wa kuichukua kihalali.

Mimi ni mwanachuo. Nimesoma kwamba kila swali ninalouliza akili mnemba linamaliza maji ya dunia. Niache?

Punguza maneno makubwa kwanza. Vituo vya data vyote duniani, vya akili mnemba na visivyo vyake, vilitumia kiasi cha asilimia 1.5 ya umeme wa dunia mwaka 2024, kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati, na matumizi yanapanda. Maji ya kupoza mitambo ni kweli, ila yanategemea kituo kiko wapi na kinapozwaje. Ubishi wenu wa bwenini ungekuwa na maana zaidi kama mngeuliza simu zenu mnazibadilisha kila baada ya muda gani, kwa sababu sehemu kubwa ya madhara ya simu kwa hali ya hewa hutokea inapotengenezwa, kabla hujaiwasha.

Na acheni kuitia akili mnemba picha za wasichana mnaosoma nao ili iwavue nguo. Hamkuniuliza hilo, lakini nimepata barua tatu za waliofanyiwa.

Bibi, kila nikisema neno kuhusu bomba la mafuta linaloishia Chongoleani, hapa Tanga, naitwa msaliti wa maendeleo. Mwingine akaniambia mahakama imeshasema bomba ni salama, nikiendelea nitafungwa. Ni kweli?

Si kweli, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu bahari hii ni yetu.

Mahakama haikusema hivyo. Mashirika manne ya Kenya, Uganda na Tanzania yalifungua kesi Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2020. Novemba 2023, katika ngazi ya kwanza, ikatupwa kwa kuwa ilifunguliwa nje ya muda. Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu. Kesi iliyotupwa kwa kuchelewa haijasema bomba ni salama, wala haijasema ni hatari. Anayekuambia moja kati ya hayo hajaisoma hukumu.

Maoni yako yanalindwa na Ibara ya 18 ya Katiba. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinamkamata anayetangaza habari anayojua ni ya uongo, kwa nia ya kukashifu, kutisha au kupotosha umma. Basi usiipe nafasi. Nimeletewa picha ya mikoko iliyopakaa mafuta, imeandikwa "Chongoleani leo". Ile ni Mauritius, mwaka 2020, meli Wakashio ilipopanda mwamba na kumwaga mafuta kiasi cha tani elfu moja. Aliyeirusha anaweza kuwa na nia njema kuliko sisi sote, na bado ameiua hoja yake mwenyewe.

Hoja za kweli zipo, tena nzito. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, nyingi zake ziko kwetu, likipita mikoa minane. Mafuta yale yana nta, huganda yakipoa, ndiyo maana bomba linapashwa joto njia nzima. Mwisho wake ni matangi na gati, kwenye pwani ambayo tangu 2009 ina hifadhi ya bahari iliyowekwa kwa ajili ya silikanti, samaki ambaye dunia iliamini ametoweka mpaka alipovuliwa Afrika Kusini 1938, na wavuvi wetu walianza kumnasa kwenye nyavu za jarife mwaka 2003. Kwa hiyo uliza: mpango wa kukabili mafuta yakimwagika uko wapi, boti za kuyazuia zitakaa wapi, mvuvi atalipwa na nani? Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuuliza ofisi ya umma kwa maandishi, na jibu linatakiwa ndani ya siku 30. Sheria ya mazingira nayo inakupa haki ya taarifa za mazingira. Miaka yote ya ubishi huu mtandaoni, nimekutana na watu wawili tu walioandika barua.

Na wanaoliunga mkono bomba kwa ajili ya ajira za watoto wao si maadui. Kumrushia mtu picha ya nyumba yake na namba ya gari lake kwa sababu amelisifu bomba, kama mlivyofanya mwezi uliopita, ni uovu ule ule wa mfereji wa Makorora.

Kamera ya ulinzi ya jirani inatazama bafu langu la uani.

Mwambie aigeuze, mbele ya mjumbe. Akikataa, andika lalamiko kwa Tume.

Nimewarekodi watu wakipiga baruti baharini, sura zinaonekana na namba ya mashua pia. Niirushe?

Usiirushe. Najua hasira yako. Mlipuko mmoja huvunja matumbawe yaliyochukua makumi ya miaka kukua, na samaki wengi wanaokufa huzama wala hawaokotwi. Lakini ukiirusha, wao ndio watakaoiona kwanza. Mashua itapakwa rangi nyingine kabla ya alfajiri, na kijijini watajua ni nani alikuwa ufukweni saa ile. Tena utakuwa umetangaza sura za watu ambao pengine mmoja wao ni mtoto aliyepelekwa kuzamia.

Video ya asili usiikate, usiiandike juu, usiitie muziki. Ukiituma WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa, na taarifa za saa na mahali zinaweza kupotea. Ikibidi kutuma, itume kama dokumenti. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaikubali kuwa ushahidi, ila mahakama itauliza ilirekodiwaje, imehifadhiwaje na imepitia mikononi mwa nani. Kwa hiyo simu hiyo hiyo ibaki nayo wewe. Andika kwenye karatasi siku, saa na ulipokuwa umesimama, kisha nenda mwenyewe kwa afisa uvuvi au polisi, si wa kijiji hicho, na uchukue namba ya jalada.