Bodi ya tipa kwenye Fuso ya tairi kumi: anzia mizani, ujazo baadaye

Mkuu, umesema una Fuso ya tairi kumi yenye bodi ya mbao, unataka kuibadilisha iwe tipa ya mchanga wa Mkuranga na kokoto za Lugoba, na fundi amekushauri upandishe mbavu za bodi (kuta zake) juu kadiri inavyowezekana "ili tripu ilipe". Umeuliza pia jeki ya mbele au ya chini, na matunzo. Nakujibu kwa mpangilio wangu, kwa sababu hilo la mbavu ndilo litakaloamua mengine yote.

Kabla hujampa fundi hata shilingi, ng'oa bodi ya mbao, jaza mafuta ya gari, ipeleke mizani ikapimwe ekseli ya mbele peke yake na za nyuma peke yake. Sheria ya udhibiti wa uzito ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania inaitumia tangu 2019, inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja ya tairi nne, na tani 18 kwa ekseli mbili za tandamu (zinazofuatana jirani nyuma) zenye tairi nane. Kwa gari lako hiyo ni 26 kwenye karatasi. Lakini soma kibati cha kiwandani kwenye mlango au kwenye fremu: kama ekseli ya mbele imetengenezwa kubeba tani 7, basi hesabu yako ni 7 na 18, yaani 25. Kinachofuatwa ni kile kilicho kidogo.

Tuchukue mfano. Gari pamoja na bodi mpya na jeki likiwa tani 11, mzigo halali ni tani 14. Mchanga mkavu uliomwagwa una kama tani 1.6 kwa mita moja ya ujazo, mchanga uliolowa unafika 1.9, kokoto kavu ziko 1.5 hivi. Tani 14 za mchanga uliolowa ni mita za ujazo 7.4 tu, za kokoto ni 9.3. Sasa angalia yale matipa ya Kichina ya tairi kumi yenye bodi ya mita 5.6 kwa 2.3 kwa 1.5: hizo ni mita za ujazo 19. Ukiijaza mchanga umebeba zaidi ya tani 30. Bodi ya aina hiyo inafaa kwa taka, pumba au makaa mepesi, au ndani ya mgodi ambako hakuna mizani. Kwa barabara ya Lugoba kuja Dar yenye mizani ya Vigwaza katikati, ni faini inayotembea.

Kwa hiyo kwa mfano huu ningetengeneza bodi ya urefu wa mita 4.8, upana 2.3, mbavu sentimita 80. Hiyo ni mita za ujazo 8.8. Halafu ndani ya bodi, sentimita 67 kutoka sakafuni, choma mstari wa nondo nyembamba au piga rangi nyeupe pande zote: hapo ndipo tani 14 za mchanga uliolowa zinapoishia. Dereva na mwenye mashine ya kupakia waone mstari, wasibishane. Kokoto kavu ndizo zinazoruhusiwa kuuvuka.

Mahali pa kuikalisha bodi ni muhimu kama ukubwa wake, na hapa mafundi wengi wa mitaani wanakosea kwa sababu wanaangalia muonekano. Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi katikati ya tandamu ni mita 5, na gari tupu linapima tani 5 mbele na 6 nyuma. Kitovu cha mzigo kikikaa sentimita 70 mbele ya katikati ya tandamu, tani 14 zitagawanyika vizuri: kama 7 mbele na 18 nyuma. Bodi hiyo hiyo ikirudishwa nyuma nusu mita, nyuma unasoma tani 19.4 na mbele 5.6. Mzigo haujaongezeka hata kilo moja, lakini umeshazidisha ekseli, na usukani unakuwa mwepesi kwenye utelezi. Ndiyo maana nimekwambia upime kila ekseli peke yake.

Unene wa chuma. Pleti ya milimita 1 ina uzito wa karibu kilo 8 kwa mita ya mraba (7.85 kwa usahihi). Kwa bodi ya vipimo hivi, kila milimita unayoongeza sakafuni ni kilo 87, na kila milimita kwenye mbavu ni kilo 89. Ukitoka sakafu 6 na mbavu 4 ukaenda sakafu 8 na mbavu 6, umebeba kilo 350 za chuma badala ya mchanga, kila tripu, maisha yote ya gari. Kwa mchanga na kokoto, sakafu 6 na mbavu 4 inatosha kwa chuma cha kawaida. Ukibeba mawe makubwa yanayodondoshwa na ekskaveta, nenda 8 sakafuni, au tafuta chuma kigumu cha aina ya Hardox 450, ambacho hakiliki haraka kwa msuguano, hivyo unaweza kukitumia chembamba. Ila chuma hicho si cha kila fundi. Kikichomwa kwa moto mwingi kinapoteza ugumu pale pale kwenye ungio.

Kinachoharibu sakafu mara nyingi ni nafasi kati ya chaneli za chini (vyuma vinavyobeba sakafu) kuliko unene wenyewe. Zikiwa mbali kupita sentimita 40, sakafu inaanza kubonyea katikati kama godoro, mchanga unanasa kwenye mabonde, na bodi inakuwa nzito kumwaga. Zipange kila sentimita 30 hadi 35. Kona ya sakafu na mbavu iwekewe pleti ya mshazari, maana mchanga uliolowa hupenda kuganda kwenye kona ya mraba.

Jeki sasa. Jeki ya mbele, ile ndefu inayofunguka kama darubini nyuma ya kibini, inanyanyua bodi kutoka mbali na bawaba, kwa hiyo inahitaji nguvu ndogo na presha ya wastani. Fundi anaifikia kirahisi. Kasoro yake ni kwamba haishiki bodi upande kwa upande: gari likisimama kwenye mteremko wa pembeni, jeki inapinda na gari linalala. Jeki ya chini ya katikati, yenye mikono ya mkasi, kama zile zinazokuja na magari ya Japani yenye bodi za Shinmaywa au Kyokuto, inashika bodi imara zaidi, lakini inaanza kunyanyua kwa pembe mbaya, ndiyo maana presha kubwa kabisa inatokea pale bodi inapoachana na fremu. Kwa Canter na magari ya tairi sita ningebaki na ya chini. Kwa tairi kumi yako ningefunga ya mbele, kama kuna nafasi nyuma ya kibini ya kuikalisha bila kurudisha bodi nyuma sana. (Rudi kwenye hesabu ya ekseli.)

Ufungaji ndiko kunakopasua chesisi. Bodi haikai moja kwa moja juu ya chesisi. Inakaa juu ya fremu ya pili, na fremu hiyo ncha yake ya mbele ikatwe mshazari, isiishe ghafla kama tofali. Ikiisha ghafla, mzigo wote wa mtikisiko unakusanyika pale nyuma ya kibini, na ufa unaanzia hapo hapo. Usiruhusu mtu atoboe wala kuchomelea kwenye mabawa ya juu na ya chini ya chesisi. Matobo yawe kwenye ukuta wa kati, kwa drili, si kwa gesi. Ukitumia yubolti (boliti yenye umbo la U), weka kizuizi cha chuma ndani ya chaneli ya chesisi ili bawa lisikunjwe unapokaza. Wengine huweka mbao, lakini mbao ikinyauka au ikiungua karibu na ekzosi, yubolti inalegea. Nyuma, karibu na bawaba, funga kwa pleti zenye boliti zisizoruhusu fremu kuteleza. Baada ya kilomita 500 kaza tena boliti zote. Hili huwa halifanyiki, halafu watu wanalaumu barabara.

Wakati wa kuchomelea chochote, toa waya hasi wa betri na uchomoe kompyuta ya gari kama ipo, na waya wa ardhi wa mashine ukae sentimita chache kutoka unapochoma. Ardhi ikifungwa upande wa pili, umeme unapita kwenye bearingi, kwenye pini, au kwenye jeki yenyewe na kuacha vidoa kwenye kromu. Vidoa hivyo ndivyo vinavyokata sili miezi miwili baadaye, na hakuna atakayekumbuka chanzo.

PTO, kile kifaa kinachochukua nguvu ya giaboksi kuzungusha pampu ya jeki, ikifungwa kwenye giaboksi, sikiliza. Ikilia kama mbu, meno yamebana mno. Ikigonga, yamelegea mno. Nafasi ya meno hurekebishwa kwa unene wa gasketi, na inayotakiwa ni kati ya milimita 0.15 na 0.30. Dereva aikanyage klachi, asubiri kidogo, ndipo aingize PTO, na aitoe kabla ya kuondoka. Gari likitembea na PTO ikiwa ndani, pampu inazunguka kwa kasi ya barabarani, oili inachemka, sili zinakwisha. Na ikitokea valvu imeguswa, bodi inaanza kupanda njiani. Funga taa nyekundu na alamu ndani ya kibini. Ni vitu vya bei ndogo.

Oili: kwa joto letu tumia oili ya haidroliki ya VG 46 (namba ya uzito wa oili, kubwa ndiyo nzito zaidi), na pwani kwenye kazi ya mfululizo VG 68 inakubalika. Usimwage oili ya injini iliyobaki ndani ya tangi. Kipimo kinasomwa bodi ikiwa imeshuka chini kabisa; ukijaza bodi ikiwa juu, ikishuka tangi linafurika. Tangi libaki na akiba ya angalau moja ya tano hata jeki ikifunguka yote. Badilisha oili na filta baada ya saa 50 za mwanzo, kwa sababu vumbi la chuma la ufungaji linazunguka humo, kisha kila mwaka. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, ina maji. Ikiwa na povu, pampu inavuta hewa: kagua hozi ya kufyonza na klipu zake kabla ya kununua pampu. Na lile koki la chini ya tangi likisahaulika limefungwa baada ya matengenezo, pampu inakufa ndani ya dakika chache.

Bodi ikipanda polepole, fuata mpangilio: kimo cha oili, hozi ya kufyonza, filta, PTO kama imeingia kikamilifu, ndipo pampu. Valvu ya presha iguswe mwisho, na kwa geji tu. Fundi anayekaza skrubu yake "ili ipate nguvu" anapasua hozi au anapinda jeki. Kama bodi inashuka yenyewe na hakuna oili inayoonekana kuvuja nje, usikubali jeki ya mbele ifunguliwe. Jeki ya darubini inayosukuma upande mmoja ikichoka sili inavuja nje. Isipovuja nje, kosa liko kwenye valvu. Na hatua zake zifunguke kubwa kwanza, nyembamba mwisho. Nyembamba ikitangulia, kubwa imekwama au imepinda.

Grisi kwenye pini za bawaba na pini za jeki kila wiki, na kila siku wakati wa matope. Piga mpaka ile chafu itoke. Pini ikicheza milimita 2 au 3 kwenye bushi, badilisha zote mbili. Pini mpya kwenye bushi ya zamani ni kazi ya mwezi mmoja. Mlango wa nyuma kagua kulabu zote mbili zinafunga kwa wakati mmoja, la sivyo upande mmoja utamwaga mchanga barabarani.

Kumwaga: ardhi iwe tambarare, upepo wa tairi za kushoto na kulia uwe sawa, angalia juu kama kuna nyaya za TANESCO. Mchanga uliolowa ukiganda upande mmoja bodi ikiwa juu, shusha, uchokonolewe kwa koleo bodi ikiwa chini. Kupanda juu na kushtua breki ili ufunguke ndiko kunakolaza magari. Na mtu yeyote asiingie chini ya bodi iliyonyanyuliwa, hata kwa kuangalia tu, bila nguzo ya chuma iliyofungwa kwenye fremu, bodi ikiwa tupu. Jeki si nguzo.

Kadi ya gari imeandika aina ya bodi, kwa hiyo badilisha taarifa TRA na uwajulishe watu wa bima kabla ya tripu ya kwanza. Ukishapima, weka hapa namba mbili, mbele na nyuma, na urefu kutoka ekseli ya mbele hadi katikati ya tandamu, tukupigie hesabu ya bawaba ikae wapi.