Chembe nano za oksidi ya zinki: dhibiti ukuaji kwanza, leza baadaye

Vijana wanaoingia kwenye utafiti wa optiki isiyo ya mstari (jinsi vitu vinavyoitikia mwanga mkali kama wa leza) huniuliza vipimo vya kemikali. Jibu langu huwaudhi kidogo: vipimo vingi vya kawaida vitakupa oksidi ya zinki. Ukubwa wa chembe huamuliwa na maji, joto na muda.

Mimi hufuata njia ya watafiti Spanhel na Anderson (1991), kama ilivyoboreshwa na Meulenkamp (1998). Asetati ya zinki huchemshwa kwenye ethanoli, ikapozwa hadi nyuzi 0, kisha hidroksidi ya lithi iliyoyeyushwa kwenye ethanoli ikamiminwa taratibu huku unakoroga. Kimiminika kinabaki maangavu, na wengi hapo hudhani hakuna kilichotokea. Mulika taa ya urujuanimno gizani: kitang'aa kijani, na kadiri chembe zinavyokua rangi inasogea kuelekea manjano.

Sasa zizuie zisiendelee kukua. Ongeza heksani chembe zitue, mwaga kimiminika cha juu, zirudishe kwenye ethanoli safi, na chupa iingie kwenye friji. Ukiiacha mezani wikiendi nzima, Jumatatu utakuta chembe nyingine kabisa.

Usisubiri zamu ya hadubini ya elektroni. Foleni yake tunaijua. Spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa katika kila urefu wa wimbi, inatosha kila asubuhi. Chembe za nanomita 3 zina ukingo wa ufyonzaji (urefu wa wimbi ambapo zinaanza kufyonza mwanga kwa nguvu) karibu na nanomita 340, za nanomita 5 karibu na 360. Zikizidi nanomita 7 hivi, ukingo hausogei tena kiasi cha kukusaidia, hapo tumia eksirei.

Kwenye leza ndiko watu hujidanganya. Katika kipimo kiitwacho Z-scan, sampuli husogezwa kupita kwenye fokasi ya lenzi, nawe unapima mwanga unaotoka. Kwa leza ya nanomita 532, oksidi ya zinki hufyonza fotoni mbili kwa pamoja, kwa kuwa moja haina nishati ya kutosha. Lakini chembe zilizogandamana hutawanya mwanga, na grafu inafanana mno na ufyonzaji huo. Leza isiyokatika nayo hupasha ethanoli joto, ukapata lenzi ya joto (ethanoli iliyopashwa inapinda mwanga kama lenzi) ukaiita matokeo. Tumia mapigo mafupi ya pikosekunde (sehemu ya trilioni ya sekunde), yaliyoachana vya kutosha. Pima ethanoli peke yake ndani ya kyuveti (kichupa cha kupimia) ileile, kisha sampuli kwa nguvu ndogo. Na upime ufyonzaji tena baada ya leza: ukingo ukiwa umehama, data ya siku hiyo itupe.