Barua kwa mwanangu: Kazi za shule za mjukuu wangu na ugomvi wa kila jioni

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza ufanye nini na kazi za nyumbani za mjukuu wangu, maana sasa yuko darasa la nne, mwaka wa upimaji wa taifa, na kila jioni daftari likifunguliwa yeye analia nawe unafoka. Nakujibu kwa kirefu, kwa sababu ugomvi huu unaweza kumfanya achukie kitabu kabla hajamaliza shule ya msingi.

Anza na saa. Umesema basi la shule linampitia saa 12 kasoro robo asubuhi, kwa hiyo anaamshwa saa 11. Mtoto wa umri wake anahitaji usingizi wa jumla ya saa 9 hadi 12 kwa siku, yaani saa 2 usiku awe ameshalala. Ukimfungulia daftari saa 2 na nusu, baada ya wewe kutoka kazini na kukaa kwenye foleni, hata 6 mara 7 aliyoijua asubuhi inampotea, nawe unadhani anakufanyia kusudi. Akirudi aoge, ale, acheze, halafu saa 12 jioni akae mezani hata kama wewe hujafika. Dada wa nyumbani hahitaji kujua hesabu. Kazi yake ni kuzima televisheni na kumwambia muda umefika. Dakika 40 zinamtosha. Penseli mbili zilizochongwa, kifutio, rula na maji ya kunywa viwepo mezani mapema, kwani kila akiinuka kutafuta kichongeo anarudi amesahau alipoishia.

Siku ukifika kabla hajalala, usimpokee kwa "Umemaliza?" Salimianeni kwanza, pumua, kisha akuonyeshe swali moja alilolipata na moja lililomshinda.

Hilo lililomshinda litazame kwa makini, mwanangu, kwa sababu mtoto hakosei ovyo ovyo. Chukua 624 gawanya kwa 6. Ameandika 14. Tazama alivyokwenda: 6 kwa 6 akapata 1, sawa. Akashusha 2, akaona haitoshi kugawanywa kwa 6, akashusha na 4 papo hapo, akapata 24, akaandika 4. Alichoruka ni sifuri ya kuonyesha kwamba ile 2 haikutosha. Jibu ni 104, lakini usimtajie. Mwambie azidishe 14 kwa 6. Atapata 84, ataona iko mbali mno na 624, na atarudi mwenyewe kutafuta alipokosea. Asipopaona, aligeuze daftari ubavu ili mistari isimame wima, kila tarakimu ikae kwenye safu yake. Nafasi aliyoiruka itaonekana kwa macho.

Au 503 toa 278, naye ameandika 375. Huo si uvivu. Kila safu ametoa ndogo kwenye kubwa: 8 toa 3, 7 toa 0, 5 toa 2. Hajaelewa kukopa pale katikati panapokuwa na sifuri. Ukimwambia "rudia", atarudia kosa lile lile, na hapo ndipo sauti zinapopanda. Mfundishe kukagua kwa kujumlisha: 375 na 278 ni 653, siyo 503. Kisha mkopee hatua kwa hatua: mamia 5 yabaki 4, makumi yawe 10, yatoe moja yabaki 9, mamoja yawe 13. Sasa atapata 225.

Akikwambia "Mwalimu hakufundisha hivyo", mkubalie. Fungua mfano wa mwisho ulioandikwa darasani muufuate huo. Njia yako inaweza kuwa sahihi kabisa, lakini njia mbili kwa jioni moja zinamchanganya.

Kwa maswali ya maneno, kwa kuwa shule yake inafundisha kwa Kiingereza, asome swali kisha akusimulie kwa Kiswahili kabla ya kushika penseli. Akishindwa kusimulia, shida ni lugha, na hesabu zaidi hazitamsaidia.

Usimwandikie jibu hata moja. Mwalimu akiona vyema tupu ataendelea na mada mpya, na mtoto ataachwa nyuma huku daftari likionekana safi. Machozi yakianza, au ukisikia sauti yako imepanda, simamisheni kwa dakika 5, anywe maji, mrudi kwenye swali moja tu. Yakirudi tena, funga. Andika chini ya kazi: "Amefanya maswali 6 kwa dakika 40. Amekwama kwenye kugawanya penye sifuri katikati." Weka sahihi. Ujumbe huo unamfaa mwalimu kuliko kurasa nzima ulizomlazimisha kujaza.

Kubalianeni na baba yake nani anasimamia siku gani. Mmoja akishasema yatosha, mwingine asifungue tena daftari. Na lile kundi la WhatsApp la wazazi, kazi ikitumwa usiku mtoto ameshalala, asiamshwe. Asubuhi mwandikie mwalimu kwamba ataifanya jioni.

Kabla ya kulipia tuisheni, kusanya makosa ya wiki mbili. Yakiwa ya aina moja, nenda na daftari kwa mwalimu wa hesabu, umwonyeshe matatu, umwombe ayarudie naye. Tuisheni ya saa 12 jioni itakula muda ule ule wa kazi zake za nyumbani na kumchelewesha kulala.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Mama yako