Maswali yenu ya Sedona: njia rahisi kwa nani, na saa ngapi?

Tangu niwaambie habari za kutembea kwa miguu kwenye miamba myekundu ya Arizona na Utah, huku Marekani, ujumbe hauishi. Nimechagua maswali yanayofaa. Nyie mnaouliza "Sedona iko wapi" nimewaweka kando: ni saa mbili kwa gari kaskazini mwa Phoenix. Kama mnatumia ramani ya simu kwenda kwa kinyozi, itumieni na hapa.

Njia ipi ni rahisi kuliko zote? (wengi mno, kutoka kila mji)

Rahisi kwa nani, na saa ngapi? Hilo ndilo swali, lakini hakuna anayeliuliza. Mnauliza umbali tu, utadhani umbali ndio unaoangusha watu.

Bell Rock Pathway ni pana, haina kona za kupoteza mtu, na mwamba wenyewe unauona mbele yako muda wote kama kengele iliyowekwa chini. Ukiuzunguka pamoja na mwamba jirani, Courthouse Butte, utatembea kilomita 6 na ushee. Mwezi wa Aprili, saa moja asubuhi, hiyo ni njia ya kwenda mkipiga soga. Julai, saa saba mchana, joto liko nyuzi 35 na zaidi, kivuli hakuna, na mwamba unakurudishia jua usoni kama bati. Njia ni ileile, ila saa hiyo si rahisi hata kidogo.

Mwaka juzi nilimwandikia mpwa wangu, kijana aliyezaliwa hukuhuku Marekani: "Tukutane saa kumi na mbili." Nilimngoja kulipopambazuka, sikumwona. Akatokea saa sita mchana juani, maana kwake kumi na mbili ni kumi na mbili ya kwenye simu. Amevaa jinzi nyeusi, mkononi ana soda moja, tena nusu. Tulitembea dakika ishirini, uso wake ukageuka rangi ya majivu, tukarudi garini taratibu. Tangu siku hiyo namwandikia "alfajiri, kabla ya jua", na nyie fanyeni hivyohivyo.

Ukitaka kivuli, nenda Fay Canyon. Ni kilomita 2 hivi kwenda, tambarare, na kuna miti. Mbele utakuta rundo la mawe makubwa. Hapo ndipo mwisho, geuza. Hao unaowaona juu ya mawe na simu zao, waache huko.

Cathedral Rock ni kilomita moja tu. Kwa nini hukuiweka kwenye njia rahisi? (Kijana, Mesa)

Kwa sababu hiyo kilomita moja na kidogo inapanda zaidi ya mita 200, na kuna mahali unapanda kwa mikono na magoti ndani ya ufa wa mwamba. Kupanda si kazi sana. Kazi ni kushuka, mbele yako hakuna kitu ila hewa, na nyuma yako kuna foleni ya watu wanaokohoa. Halafu usiende na gari mpaka pale: siku ambazo mabasi ya bure ya mji yanafanya kazi, maegesho ya Cathedral Rock na Soldier Pass hufungwa. Egesha mjini, panda basi.

Mimi nimefika kilele cha Kilimanjaro. Hivi vilima vya mita elfu moja na kitu vitanifanya nini? (Dallas)

Hongera. Kule wagumu walikubebea maji, hema, kiti na mayai ya asubuhi, na mbele yako kulikuwa na mtu wa kukuambia "pole pole" kila baada ya dakika tano. Huku ni wewe na mkoba wako. Sedona iko kama mita 1,300 juu ya bahari, chini kidogo ya Arusha, kwa hiyo hewa haitakusumbua. Kitakachokusumbua ni ukavu. Jasho linakauka kabla hujalihisi, unadhani hutoki jasho, kumbe unaisha. Kule hifadhi ya Arches, Utah, wanashauri lita 4 za maji kwa mtu kwa siku. Narudia: kwa mtu. Si chupa mbili kwa familia ya watu wanane waliotoka kanisani. Nimewaona, na viatu vya kanisani walikuwa bado wamevaa.

Mama anakuja kutoka Tanga kwa mahafali yangu. Ana miaka 70 na goti linamsumbua. Nimpeleke wapi ajionee? (Tempe)

Swali zuri, na umeliuliza kiungwana.

Sedona, mpeleke Crescent Moon, kando ya kijito cha Oak Creek. Atakaa chini ya mti, maji yanapita miguuni, Cathedral Rock yote iko mbele yake, na hana haja ya kupanda kitu. Pale hulipiwa peke yake, kile kibali cha kuegesha gari, Red Rock Pass cha dola 5 kwa siku, hakifanyi kazi. Usije ukabishana na mtu wa getini mbele ya mama.

Kama mna siku mbili tatu, nendeni Zion, Utah. Pa'rus Trail imewekwa lami na inafuata mto. Hata kiti cha magurudumu kinapita. Riverside Walk ni kilomita 1.8 hivi kwenda, kuta za korongo zinakubana pande zote mbili, na mahali pengine maji yanadondoka kutoka kwenye mwamba wenyewe na majani yameota palepale ukutani. Mama wa Tanga atapapenda hapo. Sehemu kubwa ya mwaka magari binafsi hayaruhusiwi ndani ya korongo, mtapanda basi la hifadhi. Kule Arches kuna Double Arch: matembezi ya dakika kumi na tano, na juu yako matao mawili makubwa yameshikana kama ndugu.

Delicate Arch, ile ya kwenye namba za magari ya Utah, mwache aione kwenye picha. Ni kama kilomita 5 kwenda na kurudi, na sehemu kubwa ni mwamba mtupu juani. Na wewe mwenyewe usimwache garini "dakika kumi tu" ukakimbilia huko. Nakujua.

Askari wa hifadhi alitukataza kuingia korongoni na mbingu ilikuwa nyeupe kabisa. Si uonevu huo? (Tucson)

Hapana. Na hapa nitakaa kidogo.

Tarehe 12 Agosti 1997, watu 11 walikufa ndani ya Lower Antelope Canyon, karibu na mji wa Page. Pale walipokuwa hapakuwa na mvua ya kutisha, mvua ilinyesha mbali, juu huko. Mwamba haunywi maji kama shamba. Yanayoanguka kwenye eneo la kilomita nyingi yanateremka yote, yanatafuta mfereji, na mfereji ndio huo uliosimama ndani yake ukipiga picha, upana wake mikono miwili. Ukisikia mngurumo, umeshachelewa.

Wakenya wanalijua hili. Septemba 2019 kwenye korongo la Hell's Gate, Naivasha, watu 7 walichukuliwa na maji kwa namna hiyohiyo. Huku msimu wake ni kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba, na mvua hupenda mchana. Ukiona maji safi yamegeuka tope, au vijiti vinaelea, panda juu. Usipande kuelekea mlangoni, panda juu, na mkoba uache. Askari aliyekukataza mletee soda.

Mchungaji wetu anasema Sedona kuna majini, ndiyo maana wazungu wanakaa juu ya mawe wamefumba macho. Ni kweli? (Mama wa watoto wanne, Glendale)

Wanaokaa wamefumba macho wanatafuta kile wanachokiita "vortex", nguvu inayozunguka kutoka ardhini. Habari hizo zilivuma miaka ya 1980, na maeneo yanayotajwa sana ni manne: Bell Rock, Cathedral Rock, Airport Mesa na Boynton Canyon. Watakuonyesha mti wa mreteni uliojisokota wakwambie nguvu ndiyo iliyousokota. Mireteni hujisokota hata penye duka la matairi. Wanaouza ziara za nguvu hizo wanapata riziki yao, sina ugomvi nao.

Lakini Boynton Canyon ni patakatifu kwa watu wenye historia nayo. Wayavapai, wenyeji wa asili wa huku, wanasema asili yao ni pale. Februari 1875 jeshi la Marekani liliwatoa Wayavapai na Waapache wapatao 1,500 kwenye bonde la Verde, likawatembeza kiasi cha kilomita 290 wakati wa baridi, kuvuka mito na milima, hadi San Carlos, eneo walilotengewa. Wengi hawakufika. Waliobaki walianza kurudi baada ya miaka ishirini na tano hivi, na wajukuu zao wako palepale bondeni leo. Kwa hiyo ukiingia Boynton, punguza muziki kwenye hicho kispika chako. Mwambie na mchungaji.

Kuna nyoka? (karibu wote)

Wapo. Wanakaa na shughuli zao. Usitie mkono pasipoonekana, na ukisikia mkia unatikiswa kama kayamba, rudi nyuma.

Kwa nini wanagomba ukitoka nje ya njia hatua mbili tu? Ni udongo mtupu. (Salt Lake City)

Inama uutazame. Utaona ngozi nyeusi yenye vinundu, mithili ya ukoko wa wali ulioungua chini ya sufuria. Huo udongo uko hai: viini vidogo vimefuma nyuzi, vimeshika mchanga usipeperuke, vinahifadhi maji ya mvua. Kanyaga mara moja unasikia *kraa*, na kurudi ilivyokuwa ni miaka makumi. Hatua zako mbili ni hizo, na za wenzako mia waliofikiri kama wewe. Papo hapo niongeze: acheni kupanga mawe minara, na acheni kuchonga majina ya wapenzi kwenye mwamba. Mtaachana, jina litabaki.

Simu yangu ilibadilisha saa yenyewe njiani. Mbovu? (Phoenix)

Nzima. Arizona haibadilishi saa majira ya kiangazi, ila ardhi ya Wanavajo, wenyeji wengine wa asili, inabadilisha, Monument Valley ikiwemo. Ziara za Antelope hufuata saa za Arizona ingawa ni ardhi ya Wanavajo. Vaa saa ya mkononi.

Nguo nyeupe kwa picha?

Ule wekundu ni kutu ya chuma. Wewe ndiye utakayefua.

Tunaweza kuchoma nyama mwanzoni mwa njia? Tuko familia tatu. (Peoria)

Hapana. Mei 2014 moto ulianzishwa na watu karibu na Slide Rock, ukala zaidi ya ekari 21,000 za korongo la Oak Creek na msitu wa juu yake. Mpaka leo kuna magogo meusi yamesimama. Pikeni pilau nyumbani usiku, tieni kwenye hotpoti, na kachumbari mbali. Na maganda ya machungwa mrudi nayo.