Za Wakanada? Anza na hizi

Umeuliza nyimbo za Wakanada zenye video kali, mi ningeanza na K'naan, Wavin' Flag. Jamaa kazaliwa Mogadishu akakulia Toronto, na wengi tunaijua ile ya Coca-Cola ya kombe la dunia 2010, ila tafuta ya kwanza kabisa iliyotoka kwenye albamu yake 2009, ile inaongelea vita na njaa, siyo sherehe kabisa, yaani utashangaa ni wimbo uleule. Halafu ipo ya tatu, baada ya tetemeko la Haiti wasanii wa Kanada wakairudia pamoja, Drake kachana humo, Nelly Furtado yumo, Avril Lavigne yumo, na Bieber kadogoo anaimalizia, hapo sauti haijakomaa bado 😂

Kwa video tu, mwimbaji Feist, wimbo wake unaitwa 1234. Kavaa gauni-suruali la bluu linametameta na umati wa wachezaji wenye nguo za rangi, na wamerekodi mwanzo mwisho bila kukata, mmoja akikosea stepu mnaanza upya wote! Nshaiangalia mara kibao.

Celine Dion sikutajii, huyo mama zetu washatumalizia 😅