Barua kwa mwanangu: wanaoitikia

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, na goti la mama yako linaendelea vizuri. Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili naye asikie, akacheka sana ulipoeleza kwamba wajukuu wetu sasa wanaimba "shuu-du-shubi-du" mezani. Umeniuliza kama zile nyimbo za vikundi vya vijana wa Marekani, zinazoitwa doo-wop, ulizokua ukizisikia kila Ijumaa usiku kabla kaka yako hajauvunja mkono wa gramafoni, ni nzuri kweli, au ni ujana wangu tu ninaousikia ndani yake.

Nitakujibu, lakini niruhusu nianze na wanaoitikia. Watu wakisikiliza nyimbo hizi humfuata anayeongoza, yule anayelalamika kwamba ameachwa. Mimi nimesema miaka yote, na mama yako amechoka kunisikia, kwamba wimbo ni wa wanaoitikia. Maneno ya kiongozi ni machache, na ukiyaandika karatasini hayana uzito: nakupenda, usiniache, usiku ule ninaukumbuka. Lakini nyuma yake wamesimama vijana watatu au wanne, sauti nzito ya besi chini kabisa na sauti nyingine zikipanda juu yake, wakiimba silabi zisizo na maana katika lugha yoyote, na kwa silabi hizo wanamwambia kwamba wapo, aendelee tu. Aliyeachwa na mpenzi wake hajaachwa na wenzake. Wewe uliyelelewa kwenye maulidi unajua jinsi msomaji anavyovuta pumzi huku sauti za waitikiaji zikimshikilia.

Wimbo wanaouimba wajukuu, "In the Still of the Nite", ulirekodiwa na kikundi cha Five Satins mwaka 1956, katika chumba cha chini cha Kanisa la Mtakatifu Bernadette mjini New Haven, Marekani. Fred Parris aliutunga alipokuwa askari, akiwa kwenye zamu ya ulinzi usiku. Mimi nilipofika mji huo kusoma, mwaka 1962, vijana wa jengo nililopanga walikuwa bado wakiuimba kwenye ngazi, kwa sababu ngazi zile zilikuwa za saruji na mwangwi wake uliwatosha badala ya ala ambazo hawakuwa na fedha za kuzinunua. Jioni moja ya baridi nilikuwa nikipanda na vitabu vyangu, nikajikuta nimeitikia bila kuombwa, kama mtu anavyoitikia dua. Walinyamaza, wakanitazama, kisha yule wa besi akasogea kidogo ili nipate pa kusimama. Kuanzia siku hiyo tukawa watano.

Haya mengine sijawahi kukuandikia. Tulialikwa kuimba Jumamosi moja katika ukumbi wa kanisa la mtaani, na Jumatatu yake nilikuwa na mtihani. Sikwenda. Wala sikutuma neno. Nilifunga mlango wa chumba changu, nikazisikia hatua zao zikishuka ngazi, zikasimama mbele ya mlango, kisha zikaendelea. Nilipokutana na yule wa besi siku chache baadaye hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba walisimama kama siku zote, na nafasi yangu wakaiacha wazi. Mtihani nilifaulu, na leo sikumbuki hata swali lake moja.

Unaweza kuniambia kwamba ndiyo hayo, ni ujana tu na majuto yake. Nami hujiambia hivyo hivyo. Hata hivyo, wimbo huo wa Five Satins ulipoanza kupendwa Parris mwenyewe alikuwa jeshini Japani, na mwaka 1957 kikundi kikapata sifa tena kwa wimbo mwingine ulioongozwa na mwimbaji mwingine, Bill Baker. Yaani kiongozi alibadilishwa na watu wakaendelea kupenda. Mfikirie Frankie Lymon, mwimbaji mtoto aliyetikisa Marekani mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka 13: alipotenganishwa na wenzake wa kikundi cha Teenagers mwaka uliofuata, hakuyapata tena mafanikio yale, na akafariki mwaka 1968 akiwa na miaka 25 tu. Lakini hapo tena ninajipinga, maana mwimbaji Ben E. King alikiacha kikundi cha Drifters mwaka 1960 akang'aa peke yake, na siwezi kusema kwamba sauti yake ilipungukiwa na kitu. Jambo hili limenisumbua kwa muda mrefu. Ninachokirudia kila mara ni "I Only Have Eyes for You". Ulikuwa wimbo wa filamu ya mwaka 1934, na kikundi cha Flamingos walipourekodi mwaka 1959 tayari ulikuwa wa ujana wa watu wengine. Maneno hayakubadilika. Waliongeza waitikiaji wale wanaosikika kana kwamba wako ng'ambo ya maji usiku, na wimbo uliokuwa mzuri ukawa kitu ambacho hata sasa, nikiusikia, hunibidi nikae kitako.

Hukumu yangu ninayo, na kalamu inaniwasha kuiandika, lakini mama yako amesimama hapa nyuma ya kiti na anasema nikikuambia sasa utazisikiliza kwa masikio yangu. Basi nitaizuia, ingawa sipendi. Ijumaa hii, watoto wakishalala, uweke ule wa Five Satins na usimfuate Parris hata kidogo. Anza na besi, halafu panda polepole. Sehemu yangu ilikuwa ile ya katikati, ambayo haisikiki mpaka uitafute. Uniandikie kama umeipata.

Ni mimi,
Baba yako